Tuta Lililozibwa

Kwa miaka kumi na saba maji yalivuja chini ya tuta la bwawa kule Loresho, na kwa miaka hiyo yote Nthiwa aliyaonea uchungu. Hayakuwa mengi. Yalichuruzika kutoka kwenye nyasi, safi kabisa, yakajiendea zake hadi kwenye nduma za majirani, magimbi yanayopenda maji. Mtu mwingine angeyapita tu. Lakini Nthiwa alikulia Nguni, upande wa Mwingi, ambako mtungi mmoja wa maji ulikuwa safari ya asubuhi nzima, na kuona maji yakipotea kulimuuma kama kuona noti zikipeperuka barabarani. Ndiyo maana Agosti iliyopita, kiangazi kilipochachamaa, alichimba pale yalipotokea, akajaza udongo wa mfinyanzi, akaushindilia kwa gogo na kulaza magunia juu. Maji yakakoma. Alipiga picha akamtumia meneja, na meneja akamrudishia alama ya kidole gumba. Kidole kile kilimfurahisha wiki nzima.

Sasa ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nne, mvua imenyesha siku sita mfululizo, na maji yalikuwa yamerudi. Yalitoka hatua tano kando ya kizibo chake, na safari hii hayakuwa safi. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nthiwa aliyachota kwa kiganja, akasubiri. Udongo ulitua kwenye mistari ya mkono wake, laini, mwekundu. Udongo ule haukutoka mbinguni. Ulitoka ndani ya tuta lenyewe, na tuta hilo ndilo lililokuwa limezuia maji ya bwawa zima yasimwangukie.

Alisimama akageuka kutazama nyuma yake. Bwawa lilijengwa zamani la kunyweshea kahawa, kahawa ikang'olewa, sasa lilinyweshea vitalu vya maua na nyasi za matajiri. Mwenye bwawa alikuwa amekufa, mtoto wake anaishi ng'ambo, na kila kitu kilikuwa mikononi mwa meneja. Na chini ya tuta, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hangejenga hata choo, palikuwa na laini ya vyumba kumi na viwili vya wapangaji. Cha kwanza kilikuwa chake yeye, mtunza bwawa. Akampigia simu mkewe, Munyiva, aliyekuwa kazini Kileleshwa.

"Mama Kasiva, uko na dakika?"

"Niko na pasi mkononi. Sema."

"Ile maji imerudi. Na ni chafu."

"Chafu ya mvua ama chafu ya udongo?"

"Ya udongo."

"Basi toka hapo chini. Enda kwa huyo kijana wa ofisi. Usimpigie simu, enda mwenyewe akuone."

Ofisi ya Jamleck, meneja wa shamba, ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi ikipenda. Askari wa mlangoni alimtazama Nthiwa miguuni.

"Mzee, na hizo gambuti huingii. Wamepiga deki saa hii tu."

"Niziweke wapi?"

"Hapo kando. Hakuna mtu ataiba hizo."

Kwa hiyo Nthiwa alipanda ngazi za ghorofa sita akiwa na soksi, moja ikiwa imetoboka kidoleni, mkononi ameshika chupa ya soda iliyojaa maji machafu. Msichana wa mapokezi alitandika gazeti chini ya ile chupa kabla ya kumruhusu aiweke mezani. Alingoja saa mbili. Watu waliingia, wakaitazama chupa, wakaitazama soksi, wakakaa viti vya mbali.

Jamleck alikuwa na umri wa kuweza kuwa mwanawe. Alimwita kwa jina tupu, kama kawaida yake. "Nthiwa. Naona bwawa imekuja town."

"Ndiyo, boss. Nimekuletea uone."

Jamleck aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Hii ni maji ya mvua. Mvua ikinyesha, maji inakuwa chafu. Hata kwangu Syokimau ni hivyo."

"Hii inatoka ndani ya tuta, boss. Tuta inajikula. Tufungue valvu, maji ishuke kama futi tano hivi, halafu uite mtu wa mabwawa aangalie."

"Saturday naleta buyers wa ploti. Nimewauzia lake view. Unataka niwaonyeshe matope?"

"Kuna nyumba kumi na mbili hapo chini. Watoto peke yake ni ishirini na moja, nimewahesabu."

Jamleck aligeuza kompyuta, na pale kwenye kioo Nthiwa akaona picha yake mwenyewe ya Agosti: kizibo, magunia, na kivuli chake akipiga picha kwa majivuno.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Yangu."

"Nani alikutuma?"

"Ulinitumia kidole."

"Kidole si kandarasi. Kwa report nimeandika caretaker alifanya repair, na jina yako iko hapo. So hiyo bwawa ikileta shida, wataanza na wewe. Mimi nakufichia hii maneno, na wewe unakuja kunitisha." Akalegeza sauti. "Enda nyumbani. Monday nitatuma fundi. Na hiyo valvu usiiguse. Beba chupa yako."

Nthiwa alishuka ngazi zote sita akiwa na hofu mbili sasa, hofu ya maji na hofu ya karatasi. Gambuti alizikuta nje ya mlango, zimesogezwa mvuani, zimejaa maji hadi nusu. Alizimwaga moja moja, askari akitazama kwingine.

Munyiva alifika Loresho saa tisa alasiri. Tajiri wake alikuwa amemruhusu kwa kununa. Hakuuliza habari za mjini, uso wa mumewe ulikuwa umeshazieleza. Alipiga magoti penye magunia, akatia vidole kwenye udongo.

"Hapa ndipo uliziba?"

"Ndiyo."

"Nani alikuambia maji inazibwa na udongo?"

"Ilikuwa inapotea, Mama Kasiva."

"Ilikuwa inapumua." Munyiva alikuwa na hasira, na sauti yake ilishuka kama ilivyoshuka kila alipokasirika. "Wewe ulikulia Nguni gani? Kisima ya mchangani ukiiwekea udongo, maji si inaenda kwingine? Unaweka mchanga. Mchanga unaacha maji ipite na unashika udongo. Hiyo hata mtoto wa miaka sita anajua."

"Mtoto msichana," alisema Nthiwa kwa unyonge. "Sisi tulikuwa tunachunga mbuzi. Nyinyi ndio mlikuwa mnateka."

Ilikuwa kweli, na haikuwa na utetezi ndani yake. Wanaume wa kwao walikunywa maji ya mchangani maisha yao yote bila kuinama hata siku moja kuona yanavyotoka. Munyiva aliinama kwenye mashimo yale tangu akiwa hajui kusoma. Alijua mchanga wa punje kubwa uko wapi na laini uko wapi, na kwamba maji yakikataliwa njia moja hayarudi nyuma, yanakwenda kuvunja ukingo. Alimtazama mume wake aliyemwamini miaka yote katika mambo ya bwawa, akaona kwamba walikuwa wakilala chini ya kosa la mtu asiyejua kuteka maji.

Mchanga ulikuwepo, lakini ulikuwa wa watu. Sifuna, mwashi kutoka Webuye aliyekaa chumba cha tatu, alikuwa na rundo la mchanga na balasti la kujengea jikoni. Alisikiliza, akakuna kidevu, akakubali. Mkewe Naliaka hakukubali.

"Hiyo mchanga ni ya jikoni yangu. Nimeingojea mwaka mzima."

"Mama Fidel, hii tuta ikienda, hiyo jikoni utajenga wapi?" aliuliza Munyiva.

"Tumekaa hapa miaka tisa haijaenda."

Lakini Sifuna alishashika sepetu. Waliondoa udongo wa Nthiwa kidogo kidogo, Munyiva akielekeza, wakamwaga mchanga, juu yake balasti ndogo, kisha kubwa. Nthiwa alibeba karai baada ya karai. Kufikia jioni maji yaliyopita yalikuwa yameanza kutakata. Munyiva aliyakinga kwa gilasi, akayaangalia muda mrefu.

"Imepungua," alisema. "Haijaisha. Tumeipoza tu."

Siku iliyofuata Nthiwa alipigia simu ofisi moja ya serikali, akaambiwa aandike barua, abandike picha, na ombi lipitie kwa mwenye bwawa. Mwenye bwawa maana yake ni Jamleck. Alhamisi asubuhi alipanda juu ya tuta kama kawaida yake, na pale alipozoea kupita akakuta shimo. Lilikuwa na ukubwa wa karai, nyasi zimezama nalo zikiwa bado kijani. Jana halikuwepo. Alichukua fito akaitia ndani, na fito ikaingia mpaka mkono wake ukagusa ardhi, bila kufika popote. Nthiwa alirudi nyuma kwa magoti na viganja, kwa sababu aliogopa hata uzito wake mwenyewe.

Valvu ilikuwa na gurudumu la chuma, na mara ya mwisho lilipozungushwa binti yao Kasiva alikuwa darasa la pili. Sasa alikuwa chuoni Machakos. Sifuna alileta bomba refu la kukazia nguvu. Munyiva hakwenda kazini. Nthiwa, ambaye hakuwahi kuvunja amri ya mwajiri maishani mwake, alimpigia Jamleck kumjulisha kwanza. Ndivyo alivyolelewa.

"Ukigusa hiyo valvu," alisema Jamleck, "leo leo utoke kwa nyumba yangu."

Munyiva alichukua simu mkononi mwa mumewe. "Kijana yangu, mimi ni Mama Kasiva. Tutatoka. Sasa nikukatie simu, tuko na kazi."

Walilala juu ya bomba wote watatu, kutu ikalia, gurudumu likasogea upana wa kidole. Halafu Nthiwa akaacha. Sifuna alidhani amechoka. Hakuwa amechoka. Mbele yake palikuwa na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona akiwa mtoto, maji ambayo mama yake angetembea siku tatu kuyafuata, na mikono yake ilikataa kuyamwaga. Machozi yalimtoka na hakujificha.

"Baba Kasiva," alisema Munyiva. Akaweka mikono yake juu ya ile ya mumewe. "Zungusha."

Maji yalitoka upande wa pili kwa kishindo kilichowatoa milangoni watu wa vyumba vyote kumi na viwili. Yalifuata mtaro, mtaro ukashindwa, yakasambaa. Yalipitia nduma, yakapitia sukuma wiki, yakabeba banda zima la kuku la Naliaka, kuku wakiwa ndani. Hayakuingia nyumba yoyote. Yalitoka siku mbili usiku na mchana, na bwawa likashuka hadi likabaki kidimbwi katikati ya matope yanayonuka.

Naliaka alisimama mahali palipokuwa na shamba lake, matope yakimfika magotini. Hakupiga kelele. "Kuku saba, Baba Kasiva. Na nduma zilikuwa zimebaki mwezi mmoja. Kwa sababu ya kitu haijafanyika."

Tuta lilikuwa limesimama vilevile, nyasi kijani, zuri machoni. Nthiwa angemwonyesha nini? Shimo la ukubwa wa karai? Jumamosi wanunuzi walikuja, wakatazama matope kutoka ndani ya gari, wakaondoka bila kushuka. Kufikia saa nane mchana vitu vya Nthiwa vilikuwa nje, kitanda kikiwa kimeegemezwa ukutani, sufuria zimepangwa kwenye nyasi mahali ambapo kila mtu angeziona. Majirani walipita. Wengine walisalimia kwa kichwa. Naliaka alikuwa akianua nguo, na alipomaliza aliingia ndani akafunga mlango.

Nzembi, binamu yake Munyiva, aliwapa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake huko mtaa wa Satellite. Munyiva aliendelea na kazi Kileleshwa. Nthiwa alizunguka maeneo ya ujenzi akiomba kibarua, akaambiwa wanataka vijana. Mvua iliponyesha juu ya mabati alikuwa akiacha kula. Munyiva alimwambia bwawa halina maji, atulie. Naye alitulia, kwa sababu hilo lilikuwa kweli, mpaka Jumatano moja ya mwezi wa tano, siku ambayo Munyiva huwa hana kazi, Sifuna alipopiga simu kuwasalimia.

"Mzee, rudi uone. Boss alileta injinia na watu wa simiti. Ile mchanga yetu walitoa yote, wakapiga simiti kutoka chini mpaka juu. Halafu wakafunga valvu. Bwawa imejaa tena, buyers wamerudi."

Nthiwa alikalia kitanda. "Na maji yenye ilikuwa inavuja?"

"Hakuna hata tone. Kumekauka kabisa. Sasa Mama Fidel amepanda nduma zingine."

"Sifuna, toa watoto hapo."

Sifuna alicheka kwa upole, kama mtu anavyomchekea mzee wake. "Mzee, hata ile mara ya kwanza haikupasuka."

"Haikupasuka kwa sababu tulifungua."

"Inawezekana. Lakini sasa ni simiti, na niko kazi Kileleshwa, nikitoka foreman anapatia mtu mwingine nafasi yangu. Tutaongea Sunday."

Simu ilipokatika Nthiwa alibaki ameishika. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, ile ya rasharasha isiyokatika. Munyiva alikuwa amesikia yote. Alifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vya mpira, akasema, "Twende." Nthiwa hakutaka kwenda. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye watu walimsifu ujasiri. Alitaka kubaki Satellite, mbali, juu ya kilima, na kuendelea kupiga simu.

Walishuka kwenye boda boda mlangoni mwa laini saa tisa alasiri. Nthiwa alipanda kwanza juu ya tuta. Maji yalikuwa yamefika ukingoni. Gurudumu la valvu lilikuwa limefungwa mnyororo na kufuli mpya, na mlinzi mgeni, akiwa chini ya mwavuli, alimwambia ashuke kabla hajaitiwa polisi. Akashuka. Chini, simiti ilikuwa nyeupe, laini, kavu. Aliipapasa. Ilikuwa kavu kweli, na ukavu ule ulimtisha kuliko maji yoyote.

Naliaka alikuwa mlangoni kwake, anachagua maharagwe kwenye ungo, mtoto mdogo amelala mgongoni. "Baba Kasiva," alisema bila kuinua macho. "Umekuja kufungua tena?"

"Wameweka kufuli."

"Afadhali."

"Mama Fidel, mimi nilikosea. Mimi ndio niliziba mara ya kwanza. Hawa wameziba kuliko mimi. Hiyo maji haijaisha, inatafuta pahali pa kutokea, na saa hii hakuna mtu anajua ni wapi."

"Injinia alisema iko sawa."

"Injinia analala wapi?" aliuliza Munyiva.

Naliaka aliweka ungo chini. "Sikizeni. Mkimaliza kuongea mtarudi Satellite mkaote moto. Mimi ndio nitabaki nimetoa vitu kwa mvua na watoto watatu. Niende wapi? Nani ananingoja?"

"Chumba yetu ni moja," alisema Munyiva, "lakini iko juu."

"Mama Kasiva, sitaki kuharibiwa vitu mara mbili na mtu mmoja."

Nthiwa alitazama tuta. Kutoka pale mlangoni lilionekana lote, likiziba nusu ya anga. Akasogea, akakaa kwenye kizingiti cha Naliaka, miguu nje, mikono kwenye mapaja. Munyiva akakaa kando yake.

"Unafanya nini?"

"Nakaa," alisema Nthiwa. "Ukikaa, tunakaa. Sina kitu kingine naweza kufanya."

Naliaka alitaka kucheka. Alikuwa na maneno tayari, makali, ya kuku saba na jikoni ambayo haikujengwa. Lakini macho yake yalishuka kwenye magoti ya Nthiwa. Yalikuwa yakitetemeka. Nthiwa aliyabana kwa viganja vyote viwili na bado kitambaa cha suruali kilicheza juu yake, na kila alipovuta pumzi yalizidi. Naliaka alishamwona mtu huyu akifukuzwa, vitu vyake vikiwa nje, na siku hiyo hakutetemeka. Mtu anayetaka tu kuonekana alikuwa sawa hawezi kutetemeka hivyo, akawaza, na tena asinyanyuke.

Kisha akamimina maharagwe kwenye mfuko, akafunga fundo.

"Fidel," aliita. "Vaa viatu. Letea dada yako zake."

Nthiwa alijaribu kusimama amsaidie, miguu ikakataa, ikabidi Munyiva amshike mkono. Naliaka alitoka na godoro kichwani. Mama wa chumba cha nne alichungulia mlangoni akauliza kama wanahama, na tena kwa mvua hii.

"Enda umwangalie Baba Kasiva magoti," alisema Naliaka, akiendelea kupanda kuelekea barabarani juu. "Halafu urudi ufunge vitu zako."